Samaki Aliyetundikiwa Dripu

Mgonjwa wa Kigamboni hafichiki. Ukikohoa usiku, asubuhi jirani yuko mlangoni na tangawizi. Ukilala kutwa, jioni barazani kwako pamejaa ndala za mtaa mzima, na wenye ndala wako ndani wamekuzunguka kitanda, wanakusimulia habari za marehemu walioanza hivyo hivyo. Ni desturi njema na sina ugomvi nayo. Ila nilikuwa sijui inafika wapi, mpaka jioni ile mtoto wa jirani alipochungulia dirishani kwangu, akatoka mbio, akaenda kutangaza kisimani kwamba sebuleni kwetu kuna mtu katundikiwa dripu.

Hakusema mtu gani, na watu wa kwetu hawasubiri maelezo ya aina hiyo. Adhana ya magharibi iliwakuta wameshaingia: kina mama waliojitanda kanga za kujulia hali, mzee mmoja wa barazani na bakora yake, muuza genge na machungwa yake mkononi, na mama mwenye nyumba akiwa mbele, ambayo ni haki yake. Wakakuta chupa ya dripu imening'inia kwenye msumari wa kalenda. Mpira wake umeshuka, umepita juu ya mkono wa kochi, umeingia kwenye ndoo. Na ndani ya ndoo yumo samaki mweusi mwenye madoa meupe, urefu wake haufiki kidole, anahema.

Pakapita kimya. Yule mzee, ambaye adabu yake ni ya zamani, ndiye aliyeokoa kikao.

"Poleni," akasema.

"Tumeshapoa," nikajibu, maana jibu ndilo hilo.

Mama mwenye nyumba akainama juu ya ndoo, akaitazama chupa, akarudi kuitazama ndoo. "Sasa hiyo dripu ina nini ndani?"

"Maji, mama."

"Samaki yumo majini. Na nyinyi mnamwongezea maji?"

Swali lake lilikuwa la haki, lakini jibu lake ni refu na linaanzia ofisini.

Mwaka 2016 serikali ilipotangaza kwamba sasa inahamia Dodoma kweli, baada ya uamuzi huo kupitishwa tangu 1973, ofisi yetu nayo ilifunga virago. Kila kitu kilikuwa na fungu lake. Majalada yalikuwa na lori, watumishi walikuwa na posho, hata wategemezi wa watumishi walikuwa na nauli. Tangi la samaki la mapokezi halikuwa na fungu. Alilinunua mkubwa mmoja aliyeliona mahali kwenye semina akalipenda, akaagiza na samaki sita weusi wenye madoa meupe, wote wadogo. Siku ya kuondoka aliwapungia mkono, akapanda gari. Sisi tuliobaki Dar es Salaam kwenye kile kilichoitwa ofisi ndogo tukajikuta tumerithi samaki bila waraka wowote unaosema ni wa nani.

Mali ya wote ina hatari yake, na hatari hiyo huanza kwa wema. Mwanzoni kila mtu aliwalisha. Aliyekuja na kitumbua alitupia kipande, aliyekuja na andazi alitupia kipande, aliyepita kwenda masijala alitupia karanga na akaondoka moyo wake mweupe. Samaki mdogo hula kidogo mno. Kinachobaki huzama, kinaoza, na kuoza kwake kunayachafua maji anayopumulia. Lakini kubadili maji si sadaka, ni kazi, na kazi ina ngazi yake ya mshahara. Samaki wakaanza kufa mmoja mmoja, kwa shibe. Maji yalipoanza kutoa harufu watu wakaacha kupita upande ule, na walipoacha kupita wakaacha kulisha, na hapo ndipo yule wa mwisho alipopata nafasi ya kuishi.

Tulimwita Mkurugenzi. Alikaa nyuma ya kioo kutwa, akifungua mdomo na kuufumba, na hakuna jambo lililowahi kuamuliwa.

Aliishije bila chakula ni jambo nililolielewa baadaye. Tangi lilikuwa karibu na dirisha la jua la asubuhi, na kwa kuwa hakuna aliyelisafisha, kuta zake ziliota ukoga wa kijani, mzito, wa kuteleza. Wageni waliuona wakakunja pua. Mkurugenzi alikuwa akiukwangua kwa mdomo, kutwa, ukuta kwa ukuta. Alikula jengo. Kuna binadamu wengi walioishi katika ofisi za umma kwa njia hiyo hiyo na wakastaafu salama, lakini samaki ana kikomo, na siku mhudumu alipotaka kulimwaga tangi ili mahali pale aweke meza ya chai, tumbo la Mkurugenzi lilikuwa limebonyea, mapezi yamechanika pembeni, na weusi wake umekuwa wa majivu. Nikasema nitamchukua nyumbani.

Mlinzi wa getini akakataa. Mali ya ofisi haitoki bila kibali. Nikarudishwa kwa mtunza stoo, mtu makini anayeandika kwa kalamu mbili, moja ya maandishi na moja ya kupigia mistari. Fomu yake ya kutoa mali ilikuwa na mahali pa kujaza sababu, na sababu zinazokubalika zilikuwa tatu tu: kuazimwa, kuuzwa kwa mnada, na matengenezo. Akafikiri sana. Kisha akaandika, kwa hati nzuri: Samaki, 1. Rangi: mweusi, madoa meupe. Hali: mbovu. Sababu ya kutoka: matengenezo. Nikatia sahihi. Akagonga muhuri, akanikumbusha kwamba kifaa kilichotoka kwa matengenezo hurudi.

Kutoka Posta kwenda Kigamboni njia ya mkato ni pantoni ya Magogoni, na jirani na kivuko hicho ndipo lilipo soko la samaki la Feri. Sidhani kama nchi hii ina njia mbaya zaidi ya kupita umebeba samaki unayetaka aishi. Wachuuzi walichungulia ndoo yangu kwa huruma ya kweli. Mmoja akaniuliza kama ndiye aliyebaki baada ya mnada. Mama wa vibanda vya kukaanga akaniambia nimlete, atamkaanga bure, mafuta yameshachemka. Mwingine akaapa kwamba mtu mzima hawezi kubeba ndoo nzima kwa ajili ya kitu kile isipokuwa tumboni mwake mna pete ya mtu.

Mmoja tu hakuuliza bei. Alikuwa kijana aliyekaa juu ya kreti akimpara changu magamba. Akachungulia, na kisu kikasimama hewani.

"Duboisi," akasema. "Mzee, huyu wa kwetu. Umemtoa wapi?"

Kwao ni Ujiji. Kabla ya kuja pwani kazi yake ilikuwa kuzamia samaki wa mapambo Ziwa Tanganyika, mmoja mmoja, kwa wavu mwembamba, kwenye miamba ya mwambao wa Kigoma. Samaki hao, akaniambia, huachishwa chakula siku chache ili wasichafue maji, kisha hufungwa kwenye mifuko ya plastiki iliyojazwa oksijeni, wanapandishwa ndege, wanafika Ulaya na Marekani kwa watu wanaowawekea taa na kuwapimia joto la maji asubuhi na jioni. Ziwa hilo lina kina cha kama mita 1,470, la pili duniani, na lina samaki chungu nzima ambao Mungu hakuwaweka mahali pengine popote. Huyu wangu aliandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1959, na mtaalamu Marlier, kwa jina Tropheus duboisi. Nilimtazama Mkurugenzi kwa macho mapya. Nilikuwa nimebeba mtu mwenye jina la Kilatini ndani ya ndoo iliyoandikwa rangi ya mafuta.

Pantoni ikapiga honi. Kijana akanipa namba yake na agizo moja, akilipigia kelele huku watu wananisukuma: "Usimtie maji mapya kwa mkupuo! Tone kwa tone! Ukimwonea huruma umemuua!"

Na hilo ndilo nililojaribu kumfafanulia mama mwenye nyumba mbele ya hadhara ile, chini ya kalenda.

Samaki hana choo cha kwenda. Taka yake kubwa ni amonia, anaitoa kwa mashavu, na humo humo ndimo anamopumua. Kinachomwokoa ni vijidudu wanaoishi kwenye mchanga na kwenye chujio: kundi moja huigeuza amonia kuwa naitriti, ambayo nayo ni sumu, na kundi la pili huigeuza naitriti kuwa naitreti, ambayo samaki anaweza kuivumilia. Kazi hiyo polepole huyachachua maji. Yakikaa mwaka bila kubadilishwa yanakuwa na asidi, vijidudu wenyewe wanalegea, amonia inajaa. Lakini ndani ya maji yaliyochachuka amonia hukaa katika hali isiyo na makali. Mkurugenzi alikuwa amezungukwa na taka zake mwenyewe, wote wawili wametulia. Sasa anatokea msamaria, anamwaga humo maji safi ya kisima. Uchachu unaondoka ghafla, amonia yote inarudiwa na ukali wake, na samaki anakufa mbele ya aliyemwokoa. Nasikia ndivyo wanavyokufa wengi waliotelekezwa: hawafi siku za kutelekezwa, wanafia mikononi mwa mfadhili mwenye ndoo safi.

Kwa hiyo nesi wa nyumba ya pili alinipa mpira wa dripu uliopitwa na tarehe, nikajaza chupa maji ya kisimani, nikakaza kile kigurudumu mpaka yakawa yanadondoka kwa kusitasita.

Sijui walielewa kiasi gani. Mama mwenye nyumba alishika jambo moja. Maji ya kisima chake ni magumu. Sabuni haitoi povu, na birika letu limeota chokaa ndani. Mke wangu ameyalaumu tangu tulipohamia. Nilipotaja kwamba Ziwa Tanganyika nalo ni la maji magumu, pH yake inakaribia 9, na kwamba maji ya kisima hiki yanamfaa Mkurugenzi kuliko yale laini ya mto tunayoletewa mjini, mama yule alinyoosha mgongo. Mpaka leo akipangisha chumba humwambia mpangaji kwamba hapa maji ni ya Kigoma, watu wanasafirisha samaki kuyafuata.

Wengine walikuwa wanayatazama madoa. Muuza genge alisema ni tetekuwanga na apakwe kalamaini. Mama mmoja alisema ni upungufu wa damu, apewe rozela. Mzee wa bakora alinong'ona kwamba kiumbe aliyekaa mapokezi ya ofisi kubwa ametazamwa na macho mengi, na katika macho mengi halikosi la husuda. Wakaaga kwa zamu, wakamtakia afueni, wakaacha machungwa. Tuliyala sisi.

Tangi lenyewe nililifuata siku nyingine pamoja na mawe na mchanga wake, kwa bajaji. Kwenye kibali mtunza stoo aliliandika kifungashio.

Nyumbani kuna watu wa namna mbili, na wote wawili ni hatari kwa mgonjwa wa aina hii. Wapo wanaotaka kulisha na wapo wanaotaka kusafisha. Shemeji yangu ni wa namna ya tatu: hawezi kuona tatizo bila kulitafutia duka. Siku za mwanzo Mkurugenzi alikuwa amejibanza nyuma ya jiwe, hali, na madoa yake hayakupungua hata moja. Namba ya kijana wa Feri haikupatikana. Shemeji akampiga picha, akavuka maji, akarudi jioni na uso wa ushindi. Muuza samaki wa mapambo aliitazama picha akasema huu ni ugonjwa wa madoa meupe, unaua, dawa yake hii hapa. Ilikuwa chupa ya maji ya buluu, buluu ya kuogopesha, ndugu wa ile jivii tuliyopakwa midomoni utotoni. Akaifungua. Alikuwa ameiinamisha juu ya tangi simu yangu ilipolia.

Nikamweleza kijana habari za madoa. Upande wa pili kukawa kimya, kisha nikasikia anacheka, na nyuma yake wanacheka wengine, nadhani soko zima.

"Mzee, huyo si mgonjwa. Huyo mtoto."

Duboisi wote huzaliwa hivyo, weusi, wametapakaa madoa meupe. Wakikua, madoa yanafutika, kichwa kinakuwa cha buluu, na kiunoni kinatokea mkanda mweupe. Ugonjwa wa kweli upo, unasababishwa na kidudu, lakini vipele vyake vimeinuka, ni kama punje za chumvi zilizobandikwa ovyo mwilini na kwenye mapezi, na samaki hujisugua kwenye mawe kwa muwasho. Madoa ya Mkurugenzi yalikuwa bapa na yamejipanga. Ila kijana aliuliza ana umri gani, na nilipopiga hesabu ya tangu aliponunuliwa, kicheko kikakatika. Kwa umri ule, akasema, madoa yangekuwa yalishaanza kutoka. "Basi amedumaa. Nyinyi mliokuwa mnamtazama hamkumpa kula?"

Udumavu. Neno ambalo tumeliona kwenye mabango ya zahanati zote za nchi hii, pembeni ya picha ya mama na bakuli la uji, sasa lilikuwa sebuleni kwangu. Dawa ya buluu, kwa upande wake, haikupotea bure. Shemeji alishtuliwa na simu, mkono ukateleza nje ya tangi, na chupa nzima ikaishia kwenye kanzu yake nyeupe siku ya Alhamisi. Ijumaa alikwenda msikitini na shati.

Mtoto aliyedumaa hulishwa, hilo kila mtu analijua, na ndipo ugumu ulipoanza. Samaki huyu ana utumbo mrefu, umeumbwa kwa ajili ya mwani anaokwangua kwenye mwamba kutwa nzima kidogo kidogo. Ukimpa nyama au chochote kizito, kinakaa humo, kinachacha, tumbo linavimba, na akishavimba ni wachache wanaorudi. Kijana alinisomea orodha ya marufuku kwa sauti ya hakimu: nyama, dagaa, yai, mkate, karanga. Ruhusa ilikuwa ukoga, mchicha uliopitishwa kwenye maji ya moto, na unga wa spirulina, kile kimwani cha maji ya magadi wanachokula heroe Ziwa Natron.

Yaani katika nyumba ya watu wa pwani, ambamo siku bila samaki huhesabiwa kuwa mfungo, tulipata samaki asiyekula samaki.

Spirulina niliipata duka la dawa, kwenye vidonge vya kuongezea watu nguvu. Muuzaji alikuwa binti mwangalifu. Akataka kujua mgonjwa ana umri gani. Nikasema hajafika miaka mitatu. Akakunja uso, akauliza uzito. Nikasema gramu chache. Akaita bosi wake.

Majirani nao hawakukata tamaa. Kila aliyepita alimwona kakonda na kila aliyemwona alikuwa na kitu mkononi. Muuza genge alikuja usiku, kwa kificho cha mtu anayeleta kitu cha thamani, na kikombe cha supu ya pweza. Kwa wasioijua, hiyo ni supu ambayo wanaume wa Dar es Salaam huinywa wakiwa wamesimama, wakiangalia pembeni, na husemwa inafufua. Aliniambia niweke vijiko viwili tu, nitaona mwenyewe. Nilimshukuru kwa dhati, nikaipokea, na nisingependa kuulizwa ilikwenda wapi.

Kumnyima mgonjwa chakula mbele ya wageni kunahitaji uso mgumu. Mtu anakuuliza amekula nini leo, unamjibu jani moja la mchicha, naye anakutazama kwa namna ambayo ukoo wako mzima unatajwa. Mke wangu aliishia kutengeneza jani la maonyesho. Kila mgeni aliruhusiwa kumlisha Mkurugenzi jani lile lile, lililofungwa kwa uzi kwenye kijiwe. Anaingiza, anaridhika, anaondoka, nalo linatolewa kumsubiri mgeni mwingine.

Wanaosafisha ndio waliokaribia kumwua. Mama mkwe alitutembelea kutoka Bagamoyo, akalikuta tangi limeota kijani sebuleni kwa binti yake, na hakusema kitu. Angesema tungemwahi. Tulipotoka sokoni tulimkuta amekunja kanga, amekamata stilwaya, na pande tatu za kioo zinang'aa mpaka unaona aibu. Akiba ya chakula cha wiki ilikuwa kwenye beseni la maji machafu. Upande wa nyuma tu ndio ulionusurika, kwa sababu kiuno kilimwuma. Chujio alikuwa ameshalitoa, yuko njiani kwenda kulifua kwa sabuni, na ndani ya sifongo ile walikuwamo wengi wa vijidudu wanaotusaidia na amonia. Haukuwa wakati wa kueleza. Mke wangu alimpokea mama yake mzigo, kwa heshima zote, akamwambia akae mama apumzike, chai inakuja, na akatembea taratibu na chujio mpaka kona ya ukumbi, ndipo akakimbia.

Umeme nao ulikuwa na siku zake. Pampu ya hewa ikisimama, na joto la Februari limepanda, oksijeni kwenye maji inapungua upesi. Mkurugenzi alikuwa akipanda juu na kuufungulia mdomo uso wa maji. Watoto walijifunza kuchota kwa kikombe na kuyamimina kutoka juu, ili yaingie na hewa, na wakapangana zamu gizani. Barafu tuliazima kwa muuza juisi, tukaielea ndani ya chupa iliyofungwa. Hizo ndizo saa nilizompenda zaidi yule samaki, kwa sababu hakuna kitu kinachowanyamazisha watoto wangu wote kwa pamoja.

Dalili ya kupona ilitufikia kwa njia ya aibu. Kijana alikuwa ameniambia nichunguze choo chake: akitoa utelezi mweupe, tumbo limeharibika, akitoa kijani, kirefu, mshukuru Mungu. Nikamwachia mke wangu ulinzi. Niko kwenye daladala, nimebanwa kati ya watu, simu ikaita, na spika yake imeharibika kwa namna ambayo haijui kunong'ona.

"Mkurugenzi amepata choo!" akasema mke wangu, na furaha yake yote. "Kirefu! Kijani kabisa!"

Daladala zima likanitazama. Bwana mmoja mwenye begi la kompyuta aliniuliza, kwa sauti ya chini, mkurugenzi wa wapi.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Tumbo likajaa, mapezi yakaota kingo mpya, weusi ukarudi. Na akawa mkorofi. Alianza kukifukuza kijiko, kisha kidole, kisha akagundua kioo kile kilichosuguliwa na mama mkwe kinampa adui wa saizi yake, akawa anapambana naye kutoka asubuhi mpaka taa zizimwe. Niliogopa, nikapiga simu.

"Anagombana?" kijana akauliza.

"Na kivuli chake."

"Basi amepona huyo. Ndivyo walivyo kwa kawaida."

Madoa yakaanza kufifia. Moja baada ya jingine, kwanza ya kichwani, kisha ya ubavuni, na chini yake ukajitokeza ubuluu ambao hatukuutegemea, na kiunoni mkanda mweupe. Nilijaribu kuwaambia watu kwamba ni kukua tu. Hakuna aliyenisikiliza. Muuza genge anajua ni vile vijiko viwili. Mzee wa bakora alikuwa amesoma kitu juu ya glasi ya maji, akamwagia siku sipo. Mama mwenye nyumba anasema kisima. Shemeji anashikilia kwamba tone moja la ile buluu liliingia, na ushahidi wake ni rangi ya kichwa cha samaki, na lazima nikiri kwamba kati ya hoja zote hiyo ndiyo ngumu kujibu.

Kisha wakaguzi wa hesabu wakatangaza ziara, na mtunza stoo akavuka maji kuja kwangu, na leja yake kwapani na nakala ya kibali mfukoni. Alikuwa anafuatilia mali zilizotoka kwa matengenezo. Tukamkaribisha, tukampa chai. Akavaa miwani, akasimama mbele ya tangi, akasoma fomu, akatazama, akasoma tena.

"Hapa pameandikwa madoa meupe," akasema.

"Yametoka, bwana."

"Yametoka kwa idhini ya nani?"

Nikamweleza habari ya utoto na utu uzima, ya udumavu, ya mchicha. Alinisikiliza kwa makini mpaka mwisho, maana ni mtu mwenye adabu. Kisha akaniambia kwa upole kwamba amekaa stoo muda mrefu na anachojua ni kwamba mali ya serikali huchakaa, haikui. Akaiweka leja mezani, akatoa kalamu ya mistari, akapiga mstari, akabadilisha kalamu, akaandika kwamba samaki aliyekutwa halingani na samaki aliyetoka, na kwamba mhusika anapewa siku 14 kumleta yule mwenye madoa. Nikatia sahihi.

Alipomaliza chai alisimama tena mbele ya kioo. Mkurugenzi alikuwa anapigana. Mtunza stoo akamtazama kwa muda, akavua miwani, akaniuliza kama huyu wa kichwa cha buluu ninamuuza, maana Dodoma wamefungua mapokezi mapya na wameandika barua kuomba samaki.